Kibata 1916: Waislamu pande zote mbili za kilima

Mtu anayetoka Kisarawe mjini, akaishika njia ya Masaki na Maneromango, kisha akazidi kwenda kusini, anapita katika nchi ambayo mwaka 1916 ilibadili mabwana ndani ya muda mfupi sana. Dar es Salaam ilijisalimisha kwa Waingereza tarehe 4 Septemba. Reli ya Kati, ile ile inayopita Soga na Ruvu katika Kibaha ya leo, ilikuwa imekwisha kuharibiwa na Wajerumani wenyewe, madaraja yamebomolewa ili adui asiyatumie. Vikosi vya Kijerumani vilirudi nyuma kupitia Uzaramo kuelekea Mto Rufiji. Waingereza wakawafuata, na kufikia Oktoba vita vilikuwa vimefika Kisangire, ndani ya Kisarawe. Vijana wa vijiji vya njiani walibebeshwa mizigo, kwanza na hawa, kisha na wale.

Vita hivyo wazee wetu waliviita vita vya Mjerumani, na katika nyumba nyingi havikubaki zaidi ya sentensi moja: babu alichukuliwa, hakurudi. Alichukuliwa akapelekwa wapi, akafanya nini, na ni nani aliyekuwa akipigana na nani, hayo hayasimuliwi. Ndiyo maana leo tumeona tuwapeleke wasomaji wetu kusini ya Rufiji, kwenye vilima vya Umatumbi, mahali panapoitwa Kibata. Hapo, mwishoni mwa mwaka 1916, ngome ndogo juu ya kilima ilizingirwa kwa karibu mwezi mzima. Tumeichagua Kibata kwa sababu moja. Waliokuwa ndani ya ngome, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waislamu. Na katika mahandaki ya waliokuwa nje wakiwazingira walikuwamo Waislamu pia.

Kilima chenye deni la zamani

Kibata ipo kaskazini-magharibi ya Kilwa Kivinje, katika nchi ya mabonde yaliyobana na vilima vilivyopandana. Jina lake lilikuwa limeingia katika tarehe miaka 11 kabla ya vita tunavyovizungumzia. Julai 1905, pale Nandete, jirani na Kibata, Wamatumbi waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na huo ndio ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Siku chache baadaye walimwendea akida wa Kibata na kumfukuza hadi pwani.

Huyo akida alikuwa nani? Hapa yafaa tuseme ukweli ambao katika kurasa kama hizi mara nyingi huzungukwa. Maakida wa Mjerumani wengi wao walikuwa watu wa pwani, Waislamu, wenye kujua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Akida wa Kibata alikuwa mmoja wao. Alikuwa ndiye mkono wa serikali ya kikoloni kilimani hapo: alikusanya kodi, alitoa watu wa kwenda kulima pamba, na viboko vilipigwa kwa amri yake. Maji yalipoenea kutoka Umatumbi hadi Uzaramo, na Wazaramo wakainuka chini ya viongozi kama Kibasila, ambaye jina lake leo limepewa shule ya sekondari huko Temeke, watu hawakuwa wakiuliza dini ya aliyeshika kiboko. Waliuliza kiboko kimeshikwa kwa niaba ya nani.

Baada ya kuzima vita vile, kwa bunduki na kwa njaa iliyoteketeza nchi nzima ya kusini, Wajerumani waliitia Kibata nguvu. Juu ya kilima palikuwa na boma la kuta nyeupe, likionekana kutoka mbali. Kwa kumtisha mwanakijiji mwenye upinde lilitosha kabisa. Kwa vita vya mizinga lilikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa vilima vilivyolizunguka vilikuwa virefu kulishinda. Aliyetaka kulilinda boma alilazimika kuvilinda vilima vya jirani kwanza.

Waraka wa nguruwe na tangazo la jihadi

Kabla ya kufika kwenye mizinga, yatupasa kuitazama dini ilivyotumiwa.

Oktoba 1913, Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliwatumia wakuu wa wilaya zake waraka. Alitaka kujua Uislamu unaenea kwa kasi gani katika makoloni yake na unaweza kuzuiwa kwa njia zipi. Miongoni mwa mambo yaliyoulizwa katika waraka huo ni kama ingefaa kuhimiza ufugaji wa nguruwe ili dini isipate pa kusimama. Serikali ilikuwa bado na hofu ya mwaka 1908, wakati nakala za ile iliyoitwa barua ya Makka zilipozagaa pwani na kusini, na maofisa wakadhani Maji Maji nyingine imekaribia.

Mwaka mmoja tu ulipita. Novemba 1914, Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa upande wa Ujerumani, ikatangaza jihadi dhidi ya Waingereza, Wafaransa na Warusi. Ghafla, serikali ile ile iliyokuwa ikiulizia nguruwe ikaanza kusambaza matangazo kwa Kiswahili, ikiwaambia Waislamu wa Tanganyika ya leo kwamba Kaizari ni rafiki wa Uislamu na kwamba kumpigania yeye ni kumpigania Khalifa. Hatuna haja ya kuongeza neno juu ya jambo hilo.

Waingereza nao walikuwa na Waislamu wao. Jeshi la India lilijaa Wapunjabi wa Kiislamu, Wapathani na watu wa milima ya Waziristan. Wengi walipigana bila kusita. Wengine moyo ulikataa. Januari 1915, huko Rangoon, askari wa kikosi cha 130 cha Baluchi waliasi, na moja ya sababu zilizotajwa ni kuchelea kupelekwa kupigana na Waislamu wenzao wa Kituruki. Walihukumiwa kijeshi karibu watu 200. Waliobaki katika kikosi hicho waliletwa Afrika Mashariki, ambako, kwa hesabu za makamanda, Waturuki hawakuwapo.

Waturuki kweli hawakuwapo. Lakini Waislamu walikuwapo tele. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, askari wa Kijerumani waliokuwa juu walivitimua vikosi vya Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, na waliowaokoa Makaburu hao wasiangamie ni wale wale Mabaluchi wa 130. Husimuliwa kwamba baadaye Mabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini mali yao waliyoitupa wakikimbia, pamoja na ombi la adabu kwamba tangu siku hiyo wasiwaite tena makuli. Iwe kila neno la kisa hicho ni sahihi au limeongezwa chumvi, kinaonyesha vizuri jinsi askari wale walivyotazamwa na waliokuwa upande wao.

Nani alikuwa ndani, nani nje

Waingereza walishuka Kilwa Septemba 1916, na kufikia katikati ya Oktoba walikuwa wameshalitwaa boma la Kibata. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliona hatari iliyokuwamo. Akikatwa kutoka kusini, jeshi lake lililokuwa Rufiji lingenaswa katikati. Akaja mwenyewe Umatumbi na kukusanya kila alichoweza.

Ndani ya ngome na katika vilima vya jirani alikuwapo Brigedia O'Grady na vikosi vyake. Uti wa mgongo wa ulinzi ulikuwa kikosi cha 129 cha Baluchi chini ya Luteni Kanali Hulseberg. Kikosi hiki hakikuwa kigeni kwa vita. Kilikuwa kimetoka Ufaransa na Ubelgiji, ambako tarehe 31 Oktoba 1914, pale Hollebeke, mmoja wa askari wake, Khudadad Khan, Mwislamu wa Punjab, alibaki na bombomu yake baada ya wenzake wote kuuawa, na akawa mzaliwa wa kwanza wa India kupewa Msalaba wa Victoria. Askari wa 129 walikuwa Wapunjabi wa Kiislamu, Wapathani na Wamahsud. Walikuwapo pia askari wa KAR kutoka Nyasa, ambao miongoni mwao walikuwamo Wayao, watu wa kabila moja na dini moja na ndugu zetu wa Tunduru na Masasi.

Upande wa pili walikuwapo askari wa Kijerumani. Hao ndio watu ambao mji wa Dar es Salaam uliwajua vizuri: Wanyamwezi, Wamanyema, Wasukuma, masalia ya Wasudani walioletwa na Wissmann. Katika jeshi lile Uislamu ulikuwa umeenea sana. Mtu aliingia kambini na jina la kijijini kwao, baada ya mwaka akaitwa Juma au Ramadhani. Waliwafuata wake zao na watoto. Hili wasomaji wetu wa kurasa za familia waliangalie kwa makini, kwani vitabu vya vita hulipita haraka. Safu ya jeshi la Kijerumani porini haikuwa safu ya wanaume peke yao. Nyuma ya kila kampuni walikuwapo wanawake wenye vyungu kichwani na watoto mgongoni, wakisaga, wakipika, wakijifungua njiani, na kesho yake wakiendelea na safari. Mwanamke aliyepotezana na safu hakuwa na pa kwenda. Wala hakulipwa hata heleri moja na serikali aliyoitumikia kwa mwiko na jiwe la kusagia.

Mahandaki ya Ulaya katika nchi ya Wamatumbi

Shambulio lilianza tarehe 6 Desemba 1916. Katika kalenda yetu ulikuwa mwezi wa Safar, Mfungo Tano, mwaka 1335 Hijria.

Lettow-Vorbeck alikuwa na silaha ambayo hakuna aliyetarajia kuikuta juu ya vilima vile: mzinga wa manowari Königsberg. Manowari hiyo ilizamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake 10 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kukokotwa kila pembe ya nchi. Mmoja uliletwa Kibata. Pamoja nao ulikuwapo mzinga mwingine mkubwa na miwili midogo ya milimani, ambayo meli ya magendo iliyoponyoka ulinzi wa Waingereza iliishusha Sudi, karibu na Mikindani, mapema mwaka ule ule. Yatosha kuitazama milima ya Umatumbi, hata kwenye ramani tu, kufahamu kuwa chuma kizito namna ile hakikupandishwa na ng'ombe. Mbung'o wasingemwacha ng'ombe hai. Kilikokotwa na watu, mamia ya watu, kwa kamba, bonde hadi kilele.

Tarehe 7 mizinga iliugeukia mkono wa kilima uliokuwa mbele ya boma, ambao Waingereza waliupa jina la Kilima cha Lindo. Ndio uliokuwa ufunguo wa mahali pote. Aliyekuwa juu yake aliliona boma chini yake kama anavyoliona sinia. Mahandaki ya Mabaluchi yalifukiwa, watu wakazikwa wangali hai, na usiku askari wa Kijerumani wakapanda. Walifanikiwa kukamata sehemu ya mgongo wa kilima na kujichimbia hapo, hatua chache tu kutoka kwa walinzi. Walijaribu kusonga zaidi, Mabaluchi hawakuondoka.

Kuanzia hapo, kwa wiki nzima, pande mbili zilitazamana kwenye mgongo mmoja wa kilima. Walikuwa karibu kiasi kwamba aliyeinua kichwa alikiacha. Mvua za vuli zilijaza mahandaki maji. Waliokuwa wametoka Ufaransa walisema wameyarudia yale yale waliyoyaacha, ila hapa palikuwa na homa, na funza, na kiu mahali ambapo kila kitu kimelowa, kwa maana chemchemi zilikuwa chini bondeni na njia ya kuziendea ilikuwa chini ya bunduki za adui.

Tunajiuliza, na hapa tunasema dhana yetu na si habari iliyoandikwa: alfajiri zilikuwaje? Qibla ya Kibata ni kaskazini. Mmahsud wa Waziristan na Mmanyema wa Ujiji, hatua chache baina yao, wote wawili waligeukia upande mmoja, kila mmoja akimwomba Mola yule yule amsalimishe na mwenziwe. Wakati huo Makka yenyewe ilikuwa imeshamtoka Khalifa, kwani Sharifu Husseini alikuwa ameinuka dhidi ya Waturuki tangu Juni, akisaidiwa na Waingereza. Hata kama mtu angetaka kuipima vita ile kwa mizani ya dini, mizani yenyewe ilikuwa imevunjwa mikononi mwake na wakubwa.

Ijumaa tarehe 15 Desemba Waingereza walijibu kwa mambo mawili. Mchana, Kikosi cha Gold Coast, watu wa Ghana ya leo waliokuwa wamefika punde wakitokea Kilwa, walipelekwa kukitwaa kilima kimojawapo kilichowatazama. Walikitwaa, na walikaa juu yake wakipigwa na mizinga katika ardhi ya mawe ambayo jembe halikuingia. Hasara yao ilikuwa kubwa mno, na kilima kikaitwa kwa jina lao. Usiku, Mabaluchi wa 129 waliurudia ule mgongo wa Kilima cha Lindo. Walitumia mabomu ya mkono, silaha mpya ambayo askari wa Kijerumani walikuwa hawajakutana nayo. Handaki lilisafishwa kwa muda mfupi. Tumeandika neno hilo, kusafishwa, kwa sababu ndilo wanajeshi hulitumia. Waliosafishwa walikuwa watu.

Baada ya usiku ule nguvu ya kuizingira Kibata ilivunjika, ingawa risasi hazikukoma hadi mwisho wa mwezi. Mwanzoni mwa Januari 1917, Jenerali Smuts alifungua mashambulizi mapya kwenye mto Mgeta na kusogea kuelekea Rufiji, na Lettow-Vorbeck akaiacha Kibata kwenda kuukabili upande huo. Hakukuwa na bendera nyeupe wala tarumbeta. Asubuhi moja mahandaki ya mbele yalikuwa matupu. Tarehe 4 ya mwezi huo huo, kule Behobeho, aliuawa kwa risasi Frederick Selous, ambaye jina lake lilikuja kupewa mbuga kubwa ya wanyama. Watalii wengi wanalijua kaburi lake. Katika wiki hizo hizo walikufa wengine ambao hakuna mtalii anayepelekwa kuona walipozikwa.

Hesabu ya kilo 25

Wajuzi wa vita husema Kibata iliokolewa na Mabaluchi. Sisi tunadhani iliokolewa na vichwa vya wapagazi, na hesabu yake ni rahisi kuifuata.

Kila risasi iliyofyatuliwa juu ya kilima ilitoka Kilwa kwa miguu. Kila punje ya mchele pia. Askari wa India walihitaji unga wa ngano na samli, na nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Askari wa Kiafrika walihitaji unga wa mahindi. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25. Yeye naye lazima ale, na chakula chake, kilo moja hivi kwa siku, ama kinatoka katika mzigo alionao, ama kinabebwa na mpagazi mwingine, ambaye naye anakula. Safari ya wiki moja kwenda na kurudi katika njia za utelezi humaliza zaidi ya robo ya mzigo kabla haujamfikia anayeungoja. Kwa hiyo kila askari mmoja aliyeshika lindo alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na jeshi lilipokosa watu liliingia vijijini kuwatafuta.

Waliovikwa kamba wakapelekwa hawakuwa askari. Hawakufundishwa vita, wengi hawakupewa viatu wala blanketi la maana, na chakula walichopewa, mara nyingi unga usiosagika vizuri wala kupikwa ukaiva, kiliwaharibu matumbo. Kuhara damu kuliwaua kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa karibu laki moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Upande wa Wajerumani hapakuwa na daftari, kwa hiyo hapana hesabu. Kijiji kilichotolewa vijana wake msimu wa kupanda hakikuvuna, na aliyebaki kijijini naye akafa, njaa au homa ya mafua ya mwaka 1918.

Hivi karibuni, tulipokuwa tumeketi barazani kwenye msikiti mmoja wa Kisarawe baada ya swala ya Alasiri, kijana anayesoma madrasa alimuuliza mwalimu wake mbele yetu: “Maalim, hao waliokufa vita vya Mjerumani ni mashahidi?” Maalim hakukimbilia kujibu. Alisema hukumu ya nia za watu ni ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaongeza jambo ambalo tumeona tusilinyamazie. Katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ametajwa miongoni mwa wenye daraja la shahidi.

Tumelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Juu ya askari waliouana kilimani, Mbaluchi kwa Mmanyema, kwa ajili ya Mfalme na Kaizari ambao hakuna hata mmoja wao aliyeijua Kibata iko wapi, hatuthubutu kusema neno. Jambo hilo tunawaachia maulamaa. Ila tunaona ni kosa kuwasimulia watoto wetu ushujaa wa pande hizo mbili kana kwamba ulikuwa ushujaa wa dini, na wapo wanaofanya hivyo, kila mmoja akichagua upande unaompendeza. Wapo wanaomsifu Mjerumani kwa tangazo lake la jihadi, wakausahau waraka wa mwaka uliotangulia. Wapo wanaojivunia msalaba wa Khudadad Khan bila kuuliza ulitolewa na nani na kwa kazi gani. Alikuwa shujaa, hilo halina ubishi. Lakini mpagazi aliyefia ukingoni mwa njia ya Kilwa, tumbo limemwisha, mzigo umechukuliwa na mwenziwe, jina lake halikusomwa mahali popote, wala haieleweki kama aliyemzika, ikiwa alizikwa, alipata hata maji ya kumwoshea.

Mjini Dar es Salaam, kwenye makutano ambayo wengi wetu tunayapita tukienda Posta, ipo sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na maandishi yake yanawataja wapagazi. Yanawataja kwa jumla, bila jina hata moja. Maofisa waliokufa walipata kila mmoja jiwe lake katika makaburi ya vita. Ilichukua miaka zaidi ya 100 hadi tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi hayo ilipokiri, Aprili 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000 na wanaoweza kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili peke yake ni zaidi ya laki mbili, na kila mmoja katika hizo alikuwa na mama.

Majina mengine bado yapo. Yamo katika nasaba zinazosomwa kwenye hitima, ambapo husikika mara fulani mtu akitajwa bila kaburi. Yamo katika vitabu vya zamani vya dua, pembezoni mwa karatasi, ambapo wazee wetu walikuwa na ada ya kuandika nani kazaliwa na nani kasafiri. Nyumba yenye kitabu cha namna hiyo, Kisarawe, Kibaha au kwingineko, itazame kurasa za pembeni kabla mchwa hawajafika, na ikipata jina la aliyeondoka miaka ile imwulize mkubwa wa ukoo aliyebaki. Watoto wa shule wanaweza kuifanya kazi hiyo likizoni kwa daftari na kalamu tu.

Kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza ilikuwa mjini Dar es Salaam, nyuma ya nyumba za Wahindi, upande wa magharibi. Watu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, na vita vilipokwisha na kambi kuvunjwa jina likabaki: Kariakoo. Kila alfajiri, punde baada ya adhana, magari ya mihogo na machungwa kutoka Kisarawe na Kibaha huingia hapo, na vijana huyapokea na kushusha magunia kwa mabega.